Radhi ya Nukta Sita

Kilifi nzima, ukimtoa mamake mzazi na karani wa mishahara pale kiwanda cha korosho, hakuna aliyekuwa akimwita Kadii kwa jina lake. Kwa watu wote yeye alikuwa Nukta Sita. Jina hilo alilipata mwaka wa sabini na tisa, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Jilore, siku alipokimbia mita mia kwa sekunde kumi na moja nukta sita na uwanja mzima ukashikwa na wazimu. Miaka minane ilikuwa imepita tangu hapo. Wasichana walikuja wakapita, wengine wenye miguu mirefu kumshinda, wengine wenye viatu vya misumari ambavyo yeye hakuwahi hata kuviota, na hakuna aliyeigusa ile nukta sita.

Jumamosi hiyo walikuwa wamemwalika kutoa vikombe katika mashindano ya shule za wilaya. Alivaa gauni lake la kijani la kanisani, akatembea taratibu ili watu wasione anavyouburura mguu wa kulia. Langoni alikutana na Mama Zipporah, muuza kachiri za muhogo, ambaye sauti yake haikuhitaji kipaza.

"Nukta Sita! Leo wamekuja kukupokonya! Kuna kitoto cha Kaloleni, wanasema ni moto!"

"Waache waje, Mama. Mimi nipo."

Alicheka alipokuwa akisema hivyo, lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kutafuta uwanjani.

Hicho kitoto kiliitwa Jedida. Kilikuwa na miaka kumi na saba, kimekonda, kimya, na bastola ilipolia kiliondoka mpaka wazee waliokuwa wamesinzia kwenye viti wakasimama. Kadii naye alisimama. Akahesabu moyoni, maana mtu aliyewahi kukimbia hahitaji saa. Mwili wake wote uliganda mpaka msemaji alipotangaza: "Kumi na moja nukta saba! Amekosa rekodi kwa nukta moja!"

Kadii akashusha pumzi. Alifurahi, na alijua si vizuri kufurahi, lakini alifurahi tu. Tusimlaumu. Mtu akibakiwa na kitu kimoja duniani hukilinda hata asipotaka. Alipomkabidhi Jedida kikombe aliona macho ya mtoto yamevimba.

"Umeshinda, unalia nini?"

"Nimekosa rekodi, dada. Nafanya mazoezi alfajiri na jioni. Mwalimu anasema nimeanza kuwa mzito."

"Bado kidogo tu," Kadii akamwambia, akampiga begani. "Mwakani utaipata."

Hakuamini alilolisema. Mwenyewe aliamini mwakani haitapatikana, na mwaka wa pili pia.

Watu walipotawanyika hakuwafuata. Alikwenda nyuma ya jukwaa, kwenye ubao mweusi wa rekodi, kama alivyokuwa akifanya kila mwaka. Mstari wa kwanza ulikuwa uleule: MITA 100, KADII MWAMBIRE, 11.6, 1979. Herufi zilikuwa nyeupe pe, rangi bado inanuka. Mistari mingine yote ilikuwa imepauka. Alijua ni nani anayelipaka jina lake rangi mpya kila mwaka, naye huyo mtu alijua kwamba anajua. Miaka mitano walikuwa wakiishia kupungiana mikono kwa mbali.

"Hujambo, Kadii?"

Kadii akageuka. Sauti angeitambua hata usingizini. Jina ndilo lililomshtua, jina lake lenyewe, limetamkwa polepole kama zamani.

Msellem alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, kanzu imekunjwa mikono, saa ya kupimia mbio inaning'inia shingoni. Alikuwa mtu wa Malindi mjini, mwandika mabango kwa kazi yake, na mshika saa wa mashindano kwa kupenda kwake tu. Mvi mbili tatu zilikuwa zimechomoza kwenye ndevu. Kadii alitaka kuzigusa, akaishika leso yake badala yake.

"Sijambo, Msellem. Bi Shekha hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Muongo wewe! Bi Shekha anisalimu mimi?"

"Wallahi anakusalimu. Uzee umemlainisha."

Wote wawili walicheka kidogo, kisha kicheko kikawakwama. Walikuwa wamekumbuka jambo moja. Bi Shekha yule yule ndiye aliyesema, posa ilipotajwa mara ya kwanza, "Mwanamke anayepiga mbio mapaja nje mbele ya halaiki, atakaa kitako lini anitunzie mwanangu?" Naye Mzee Mwambire kule Jilore akajibu kwa ukali wake, "Ukisilimu wewe, siku nikifa nani atanililia kwetu?" Vijana hawakugombana na mtu. Walingoja. Walingoja miaka miwili, wakabembeleza, wakatuma mashangazi, mpaka mzee akasema basi na Bi Shekha akanunua doti ya leso kwa mkono wake mwenyewe. Njia ilikuwa nyeupe. Ndipo Kadii, peke yake, akaandika barua ya kumkataa Msellem.

"Nasikia unaoa," alisema sasa, macho kwenye ubao.

"Ijumaa, inshallah. Tumu, binti ya mjomba. Jumapili tunasafiri kwenda Maskati. Kuna kazi kule."

"Tumu ni mzuri."

"Ni mzuri."

"Na hana mbio."

Msellem hakucheka. "Kadii, nimekuja kukuomba radhi."

Kadii alilijua hilo. Watu wa mji wa kale wakitaka kusafiri safari ndefu hupita nyumba kwa nyumba wakiomba radhi, kwa wanayoyajua na wasiyoyajua, na mtu hujibu hapohapo bila kuuliza, nimekupa radhi, Mungu akufikishe salama. Ni neno jepesi. Hata wauza samaki huambiana.

"Nimeku—"

"Usinipe!" Msellem aliinua mkono wenye madoa ya rangi. "Usinipe kabla hujasikia. Ukinipa sasa nitakuwa nimekuibia."

"Makubwa! Mtu anaomba radhi, akipewa anakataa?"

"Kaa kwanza."

Palikuwa na benchi la wachezaji, mguu mmoja umelegea. Kadii akakaa. Msellem alibaki wima, akizungusha ile saa kwenye kidole.

"Hebu niambie. Bastola ikilia, mshika saa anatakiwa atazame nini?"

"Moshi. Unaniuliza mimi hayo?"

"Kwa nini moshi, kwa nini asisikilize mlio?"

"Kwa sababu yeye amesimama huku mwisho, na mlio unachelewa kumfikia. Akiona moshi, anabonyeza. Kila mtu anajua, Msellem."

"Siku ile sikutazama moshi."

Kadii alimtazama bila kuelewa. Kisha akaanza kuelewa, na akatamani asielewe.

"Siku ipi?"

"Siku yako. Ulikuwa umefunga kile kitambaa cha manjano nilichokununulia. Ukainama pale kwenye mstari, ukanyanyua kichwa, nikaona ukinitafuta kule mwisho. Ulinitafuta, sivyo?"

"Nilikutafuta."

"Basi na mimi nikakutazama. Mwanzishaji alikuwa kando na bastola yake juu, na mimi nilisahau kabisa kama yuko. Nikashtukia umeshachomoka, na mlio ndio kwanza unanifikia. Ndipo nikabonyeza."

Nyasi zilikuwa zimejaa maganda ya machungwa waliyokula wanafunzi. Kadii aliyasukumasukuma maganda hayo kwa ncha ya kiatu.

"Kulikuwa na saa ya pili."

"Ya Mwalimu Katana. Ilikwama. Ikabaki yangu peke yake."

"Ulichelewa kiasi gani?"

"Siku ile sikujua. Mwezi uliopita tulikuwa na mafunzo Mombasa, mkufunzi akatuandikia ubaoni mlio unatumia muda gani kuvuka mita mia." Sauti yake ilishuka. "Nukta tatu, Kadii. Karibu nukta tatu nzima."

Kumi na moja nukta sita, uongeze tatu. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeiweza. Nukta tisa. Kadii hakusikia hasira bado. Alisikia tu baridi ikimpanda miguuni, na akili yake ikaenda moja kwa moja Mombasa, mwaka wa themanini na mbili, kwenye uwanja wa mkoa, waamuzi watatu na saa tatu zinazokubaliana.

"Mombasa nilikimbia nukta nane," alisema taratibu.

"Najua."

"Nukta nane ya kweli. Saa tatu."

"Najua, mpenzi."

"Usiniite mpenzi!" Alisimama ghafla, mguu ukamuuma, akashika ubao asianguke. "Unajua siku ile nilifanya nini? Nilikaa chini ya ngazi nikalia mpaka nikatapika. Miaka mitatu kwenye kambi ya mazoezi ya mkoa naambiwa, wewe ulikuwa sita, sasa kwa nini tisa? Kwa nini nane? Umelala wapi? Umekula nini? Na mimi nilikuwa naongezeka mbio, Msellem! Nilikuwa naongezeka kila mwaka na kila mwaka natukanwa!"

"Kadii..."

"Kocha akaniambia, moyo wako uko Malindi kwa mwanamume, ndiyo maana miguu imekuwa mizito. Mwanamke akishapenda amekwisha. Na mimi nikamwamini! Ile barua niliandika nini? Sema, niliandika nini?"

Msellem aliijua kwa moyo. "Uliandika, nakupenda, lakini mapenzi yamenipunguza mbio, na mimi bila mbio si mtu."

"Ukaisoma."

"Ninayo mpaka leo."

"Ukaisoma, na ulikuwa unajua umechelewa kubonyeza, ukanyamaza?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia miaka mitano. Msellem aliketi kwenye benchi.

"Nilinyamaza. Nilijua nimechelewa, sikujua kwa kiasi gani, na wallahi sikutaka kujua. Nikajiambia, nikisema sasa ataona natafuta sababu ya kumrudisha. Nikajiambia tena, mji mzima unamwita kwa jina hilo, vipi nimvue jina? Kila mwaka nikawa nakuja hapa nalipaka rangi. Nikidhani nakulipa."

"Ungeniuliza kama nalitaka!"

"Ningekuuliza."

"Nilirudi mazoezini wiki ile ile ya barua, peke yangu, bila hata kupasha mwili moto, naitafuta nukta sita yangu. Msuli ukakatika hapa." Alipiga paja lake kwa ngumi. "Ukakatika, Msellem. Nilikuwa nafukuza mtu ambaye hakuwahi kuwako."

Machozi yalimshuka sasa bila kizuizi, na Msellem naye alikuwa akilia, uso ameuinamisha, mikono yake mikubwa haijui iende wapi. Zamani angemshika. Ilikuwa hatua mbili tu. Lakini Ijumaa ilikuwa karibu mno, na Tumu hakuwa na kosa lolote. Kadii alifuta macho kwa pindo la leso.

"Unajua kinachoniuma zaidi?" alisema, hasira imemwisha, amebaki na uchovu. "Siku ile ya Mombasa ndiyo niliyokimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Na hakuna aliyenipa hongera. Hata mimi sikujipa."

"Hongera, Kadii."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, amechelewa tena.

Baadaye Msellem akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Nimemwandikia Mwalimu Katana yote haya. Siku hizi yeye ndiye katibu wa riadha wa wilaya. Amenambia rekodi haifutwi kwa neno la mtu mmoja, mpaka mwenyewe atie sahihi. Usipotia, itabaki. Katana ni mtu mzima, hatasema, na mimi Jumapili naondoka. Hakuna atakayejua."

"Na wewe unataka nifanye nini?"

"Mimi sitaki kitu. Nimekuchagulia mara moja, ikatosha."

Kadii alichukua ile karatasi. Mwandiko ulikuwa uleule mzuri wa mabango. Akamfikiria mamake, Kanze, ambaye kila Jumapili baada ya ibada hupata njia ya kuitaja rekodi ya bintiye, hata mahubiri yakiwa ya mafuriko ya Nuhu. Akawafikiria wanawake wa kiwandani wanaobangua korosho pamoja naye, wanaomwachia kiti cha dirishani kwa sababu ni Nukta Sita. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, mguu ulikuwa umekwisha. Akivuliwa hilo jina, atabaki nani kwenye hicho kiti?

Angeirudisha karatasi. Alikuwa tayari ameanza kuikunja. Ndipo likamjia lile neno alilolisikia saa moja iliyopita na kulipita kana kwamba si lake. Nimeanza kuwa mzito. Kuna mtoto alikuwa akirudi Kaloleni jioni hiyo na kikombe mapajani, analia, na kesho alfajiri ataamka kumfukuza mtu ambaye hakuwahi kuwako.

"Una kalamu?" aliuliza.

"Kadii, fikiri kwanza. Una siku—"

"Kalamu, Msellem."

Alitia sahihi akiwa amesimama, karatasi ameibana kwenye ubao. Aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa shuleni.

"Sasa lifute."

"Leo? Si tungoje Mwalimu Katana—"

"Lifute ndipo uniache. Sitaki alifute mtu mwingine."

Msellem aliinamia vifaa vyake vya rangi chini ya ubao, akafungua mkebe wa rangi nyeusi. Alianza na tarakimu. Sita ikaenda, kisha nukta. Alipofika kwenye jina alisita, Kadii akamwashiria kwa kichwa aendelee, naye akaendelea mpaka mstari ukawa mweusi mtupu. Kisha akachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeupe, akaandika: JEDIDA. Akageuka.

"Jina la babake ni nani?"

"Sijui. Acha nafasi. Mwalimu Katana atakujuza."

Akaacha nafasi. Akaandika 11.7, 1987. Hapo Kadii akainama kidogo, akasogeza uso karibu na ubao. Chini yake kulikuwa na mstari wa pili, umepauka mpaka mtu hawezi kuusoma bila kukunja macho. Aliupitishia kidole.

"Mita mia mbili. Kadii Mwambire. Ishirini na nne nukta tisa, themanini." Akausoma tena kimoyomoyo. "Hii nilikuwa nimeisahau. Watu wote wameisahau. Nani alishika saa?"

"Mwalimu Katana na waamuzi wawili wa Mombasa," Msellem alijibu. "Mimi sikuwapo. Nilikuwa Mambrui, kwenye harusi."

"Alhamdulillahi hukuwapo," alisema Kadii, na kwa mara ya kwanza jioni hiyo akatabasamu kweli. "Basi hii ni yangu."

"Ni yako. Haijavunjwa mpaka leo."

"Mbona hukuwahi kuipaka rangi?"

Msellem aliigeuza brashi mkononi. "Hii sikuwa na deni nayo."

"Ipake sasa. Imefifia."

Akaipaka. Aliipaka taratibu, kila herufi mara mbili, na Kadii alisimama kando yake akiushika mkebe, mabega yao yanakaribia kugusana lakini hayagusani. Adhana ya magharibi ikasikika kutoka upande wa mji, na Msellem akaifuta brashi.

"Naitwa," alisema.

"Nenda."

"Kadii, hujanijibu. Nimekuomba radhi."

Kadii aliutazama uso ule aliokuwa akiutafuta kwenye mstari wa mwisho wa kila mbio alizokimbia. Aliutazama kwa makini, maana alijua hatauona tena.

"Ya kunyamaza nimekupa radhi. Ilinichukua miaka yangu, lakini nimekupa, na Mungu akufikishe Maskati salama, wewe na mkeo. Ya kutotazama moshi..." Aliugeukia ubao, kisha akamrudia. "Ya kunitazama mimi, hiyo sikupi. Hukunikosea."

Msellem alifunika mdomo kwa mkono. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, kisha akageuka na kuondoka haraka, ile saa inampigapiga kifuani, na hakugeuka tena. Kadii alingoja mpaka kanzu nyeupe ilipopotea nyuma ya ukuta. Kisha naye akatembea kuelekea langoni, akiburura mguu bila kuuficha.

Mama Zipporah alikuwa akifunga biashara.

"Nukta Sita! Si nilikwambia? Kitoto hakikuwezi!"

"Kimeniweza, Mama. Kimeniweza kwa mbali. Na jina langu ni Kadii."

Mama Zipporah alimtazama, mzaha ukamwisha usoni. Akachukua mfuko wa mwisho wa kachiri akamtia mkononi.

"Shika, Kadii. Mbona unalia, mwanangu?"

"Ni pilipili," alisema Kadii, na mfuko ulikuwa bado haujafunguliwa.